Gari lenye adabu mbele ya mwalimu

Klabu moja ya watu wanaojiundia magari ilikodi uwanja wa zamani wa ndege kwa siku ya mazoezi ya udereva. Hayakuwa mashindano, na hakuna aliyepimwa kwa saa. Kulikuwa na koni, walimu wanne na lami pana. Kufikia saa kumi jioni gari moja lilikuwa limepoteza mwelekeo na kuzunguka mara tatu katika zoezi lile lile, na karibu kila mtu uwanjani alikuwa na maelezo yale yale: mwenye gari hutulia mwalimu akikaa pembeni yake, akiachwa peke yake anapaparika. Maelezo hayo yalikuwa na ushahidi wa kumshawishi mtu yeyote mwenye akili timamu. Hayakuwa kweli.

Tuanze na gari. Lilikuwa la viti viwili, la wazi, la ukoo wa Lotus Seven, lile alilolitoa Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, mwaka 1957 na ambalo wanunuzi wengi wa Uingereza walilichukua likiwa vipande ili waepuke kodi iliyotozwa gari zima. Kodi ile iliondoka mwaka 1973 ilipoingia VAT, na mwaka huo huo kampuni ya Caterham ikachukua haki ya kuendelea kuliunda. Umbo lake limeigwa mno tangu hapo: fremu ya mabomba ya chuma, injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, tangi la mafuta nyuma kabisa, na watu wawili wamekaa chini karibu mgongo kwa ekseli ya nyuma. Hapo walipokaa watu ndipo kisa chetu kilipo, ingawa siku ile hakuna aliyepaangalia.

Likiwa na dereva peke yake, gari hili lilikuwa na kilo 620 kwenye mizani, 290 mbele na 330 nyuma. Halina ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasiache kuzunguka breki ikikanyagwa kwa nguvu. Halina hata kile chombo cha kuongezea nguvu ya mguu kwenye breki, maana gari jepesi namna hii halikihitaji. Anachokanyaga dereva ndicho kinachofika kwenye pedi.

Lilipokaguliwa na kupewa kibali cha barabarani, nyuma lilikuwa na breki za drami. Baadaye mwenyewe akazing'oa, akafunga diski. Drami hazikuwa mbovu. Alichoka kuzirekebisha, na nadhani pia alichoka kuziona, kwa sababu rimu za gari hili ni za mikono membamba na kila kitu nyuma yake huonekana. Alitafuta kalipa, yaani vile vibanio vinavyosukuma pedi kwenye diski, zenye breki ya mkono ndani yake, akapata zenye pistoni ya milimita 38, akazifunga vizuri kabisa. Kazi ya fundi safi. Mtu angeweza kulala chini ya gari lile na tochi asione kasoro.

Usiku wa kuamkia siku ya mazoezi mvua ilinyesha, na asubuhi lami ilikuwa imelowa. Mlangoni palikuwa na ukaguzi wa kawaida: nati za magurudumu, uvujaji wa mafuta, springi inayorudisha pedeli ya mafuta, betri kama imefungwa, vitu vinavyozagaa sakafuni. Pedi za breki ziliangaliwa unene. Hakuna aliyeuliza kazi ya breki imegawanywaje kati ya mbele na nyuma, na sidhani kama klabu nyingi huuliza.

Zoezi lenyewe ni la kukwepa kizuizi. Dereva anakuja kwa kilomita 70 kwa saa kwenye mstari ulionyooka. Akifika lango la kwanza la koni anakanyaga breki kwa nguvu, halafu, mwendo ukiwa bado unashuka, analegeza mguu kidogo na kukata kushoto apite lango la pili. Ugumu wake uko kwenye kule kulegeza. Gurudumu lililokaba, yaani lililoacha kuzunguka huku gari likiendelea kwenda, halipindi hata usukani ukizungushwa hadi mwisho, na mguu wa mtu aliyeshtuka hautaki kuachia.

Asubuhi mwenye gari alifanya kama wanavyofanya wengi. Akakanyaga, magurudumu ya mbele yakakaba, gari likateleza moja kwa moja na kuzoa koni. Mwalimu alikuwa pembeni yake. Akamwambia alegeze kabla ya kupinda. Baada ya kurudia mara chache akaelewa, mwalimu akashuka, naye akaendelea peke yake juu ya lami iliyolowa bila tatizo. Jambo hili la mwisho lisahauliwe na msomaji kama lilivyosahauliwa na waliokuwapo, na ataona jinsi ilivyokuwa rahisi kupotea.

Mchana jua lilitoka na upepo ukakausha lami. Akaingia peke yake: gari likazunguka, mkia ukatangulia mbele, likasimama likitazama lilikotoka. Watu wakapiga makofi. Mwalimu akapanda, wakarudia mara mbili, safi zote mbili. Mwalimu akashuka: likazunguka tena. Akashauriwa apunguze, aingie kwa kilomita 60. Likazunguka mara ya tatu, safari hii taratibu zaidi na kwa umbali mfupi, lakini lilizunguka.

Hukumu ikatoka, na lazima tuitendee haki, kwa sababu haikuwa ya kipumbavu. Magari ya umbo hili hujulikana kwa kutupa mkia dereva anapoachia mafuta ghafla katikati ya kona. Uzito huhamia mbele, nyuma hubaki nyepesi, na injini inayovuta nyuma kupitia gia huongeza tabu. Dereva mwenye wasiwasi hufanya hivyohivyo. Tena ushahidi wa mwalimu ulikuwa kama jaribio la maabara: dereva yule yule, gari lile lile, lami ile ile, saa ile ile, kilichobadilika ni kuwapo kwa mwalimu tu. Na mtuhumiwa mwenyewe alikiri. Alipoulizwa kilichotokea alisema, "Sijui, mwalimu, nadhani nimeshtuka." Dereva anayejifunza huwa tayari kubeba lawama, maana ndiyo aliyoijia. Pale uwanjani kukiri kwake kulichukuliwa kama kipimo, na hakikuwa kipimo cha kitu chochote isipokuwa heshima yake.

Nina neno kuhusu viwanja vya ndege hapa. Uhusiano wao na magari ni wa zamani. Uingereza ilitoka katika Vita Kuu ya Pili ikiwa na mamia ya viwanja ambavyo havikuwa na kazi tena. Vile vya ramani ya kawaida vilikuwa na njia kuu ya kurukia ya takriban mita 1,800 kwa 46, na barabara inayozunguka uwanja mzima. Silverstone ilikuwa mojawapo, ikaandaa mashindano makubwa mwaka 1948. Goodwood ilifungua njia yake mwaka huo huo juu ya barabara ya pembeni ya uwanja wa kijeshi. Huko Florida, Sebring ilianza vivyo hivyo mwishoni mwa 1950. Sababu inayowapeleka wanaklabu huko hadi leo ni nafasi. Hakuna mti, hakuna ukingo wa barabara, hakuna nguzo. Ukizunguka unacheka na kuanza upya.

Lakini nafasi hiyo ina hasara ambayo sijasikia ikizungumzwa. Pale ambapo kuzunguka hakugharimu kitu, hakuna anayekuchunguza. Gari hilo hilo lingezunguka barabarani na kugonga ukuta, tungepima alama za tairi, tungeuliza breki zimebadilishwa lini. Kwenye lami pana lilipigiwa makofi na foleni ikasogea.

Aliyeharibu hukumu alikuwa mwanachama aliyepangiwa kusimamisha koni zinazoanguka. Yeye ndiye peke yake aliyekuwa akitembea juu ya lami ile kila baada ya gari kupita, na kwa hiyo ndiye aliyeona alama. Baada ya mzunguko wa pili aligundua mistari miwili myeusi iliyoanza kabla ya mahali pa kupinda, kwenye ule mstari ulionyooka, hatua kadhaa kabla ya lango la pili. Ilianza ikiwa imenyooka, kisha ikajipinda. Tairi za nyuma za gari lile zilikuwa pana kuliko za mbele. Akaweka kiatu chake juu ya alama, akaenda akakiweka juu ya tairi. Alama zilikuwa za nyuma. Magurudumu ya mbele hayakuacha kitu.

Maana yake ni kwamba magurudumu ya nyuma yalikuwa yamekaba kabla dereva hajagusa usukani. Kosa la kuachia mafuta katikati ya kona haliwezi kutokea kabla ya kona. Na gurudumu la nyuma lililokaba ni jambo tofauti kabisa na la mbele. La mbele likikaba, unapoteza usukani, lakini gari linaendelea kwenda lilikokuwa likielekea, kama lilivyofanya asubuhi. La nyuma likikaba, tairi haina tena nguvu ya kuzuia mkia usiende upande, wakati mbele bado kunashika na kuvuta. Kidogo chochote, kijiinuko cha lami, upepo, usukani uliopinda kwa upana wa kidole, kinatosha kuanzisha mzunguko, na huo ukishaanza hujiongeza wenyewe. Hapo ujuzi wa dereva haufiki mbali. Ana pengine nusu sekunde ya kuachia breki, katika zoezi ambalo ameambiwa akanyage.

Alama zile zilifanya mambo mengine mawili yaonekane. La kwanza, asubuhi alikuwa peke yake pia, na hakuzunguka. Woga wa upweke ambao huja mchana tu ni woga wa ajabu. La pili, kupunguza mwendo hakukusaidia. Kukaba kwa gurudumu kunategemea ukali wa breki dhidi ya mzigo ulio juu ya tairi. Kwa kilomita 60 au 70, ukikanyaga kwa ukali ule ule, litakaba vile vile. Kama kosa lingekuwa la kuingia kwa kasi, kilomita 10 pungufu zingeonyesha tofauti.

Jaribio lililofuata lilichukua muda mfupi kuliko mabishano yaliyolitangulia. Mistari ya chaki nyeupe ilichorwa kwenye mbavu za tairi zote nne ili mtu aliye mbali aone gurudumu linapoacha kuzunguka. Mtu mmoja akasimama kando ya lami na simu, akirekodi kwa mwendo wa polepole. Dereva peke yake, kilomita 60, mstari ulionyooka, klachi chini ili injini isiingilie, breki kwa nguvu, usukani usiguswe. Kwenye picha mistari ya nyuma ilisimama, ya mbele ikaendelea kuzunguka, na mkia ukaanza kuchungulia upande kabla hajaachia mguu. Hapakuwa na kona wala koni ya kumtisha mtu.

Kisha likaja wazo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililostahili makofi ya siku ile. Mabango ya klabu yalizuiwa na mifuko ya mchanga yasipeperuke. Mifuko minne ya kilo 20 ikafungwa kwa mkanda kwenye kiti cha abiria. Dereva akarudia. Safari hii mistari ya mbele ndiyo iliyosimama, na gari likaenda moja kwa moja kwa adabu zote. Mchanga haumtulizi mtu moyo wala haumwambii alegeze mguu. Una uzito tu, na mwalimu naye, kwa gari lile, alikuwa uzito tu.

Hesabu inaeleza kila kitu, na si ngumu. Ukali wa breki hupimwa kwa g. G 1 ni mwendo kushuka kwa mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde. Gari linapopunguza mwendo, sehemu ya uzito huhama kutoka nyuma kwenda mbele, na kiasi chake ni uzito wa gari mara g mara kimo cha kitovu cha uzito, ukagawanya kwa umbali kati ya ekseli. Kwa gari hili tulichukua kimo cha sentimita 42 na umbali wa mita 2.3. Kwa g 0.9, ambayo ndiyo takriban mshiko wa lami ile kavu, zinahama kilo 102. Mbele kunakuwa na kilo 392 na nyuma 228, yaani nyuma kunabaki na asilimia 37 ya uzito.

Breki zenyewe zinagawa kazi kwa uwiano usiobadilika. Kalipa za mbele zilikuwa na pistoni ya milimita 48, yenye eneo la sentimita za mraba 18.1; za nyuma, milimita 38, ni 11.3. Diski zilikaribiana kwa ukubwa na pedi zilikuwa za aina moja, kwa hiyo nyuma ilipewa asilimia 38.5 ya kazi. Inapewa 38.5 wakati mzigo wake ni 37. Tofauti ni ndogo, lakini wa kwanza kuzidiwa ndiye anayekaba, na wa kwanza alikuwa wa nyuma. Ukitafuta g ambayo mgawo wa breki na mgawo wa uzito vinalingana, unapata 0.8, na huo ndio mpaka. Chini ya hapo mbele hukaba kwanza; juu ya hapo, nyuma.

Sasa weka mtu wa kilo 80 kwenye kiti cha pili. Kwa kuwa amekaa karibu na ekseli ya nyuma, kama kilo 60 zinaangukia huko na 20 mbele. Gari lina kilo 700, nyuma 390. Rudia hesabu, na mpaka unasogea hadi karibu g 0.94. Lami ya siku ile ilitoa 0.9, na namba hiyo ilikuwa katikati ya mipaka miwili. Mwalimu akiwa ndani, tairi za mbele zinaishiwa mshiko kabla gari halijafika kwenye hatari. Akishuka, hatari iko ndani ya uwezo wa mguu wa dereva.

Na asubuhi? Lami iliyolowa ilitoa mshiko wa kama 0.5. Gari halikuweza kupunguza mwendo kwa ukali wa kufikia 0.8 hata likisimamiwa na malaika. Hapa ndipo wengi hushangaa, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba utelezi ndio unaofichua gari baya. Kwa mgawo wa breki mambo ni kinyume: kadiri lami inavyoshika ndivyo uzito mwingi zaidi unavyohamia mbele, na ndivyo nyuma inavyobaki tupu. Gari lenye breki kali mno nyuma linaweza kuwa tulivu kwenye mvua majira yote, kisha likazunguka siku njema kabisa ya jua.

Kulikuwa na vitu vidogo vilivyosukuma upande huo huo. Tangi la nyuma lilikuwa limejaa asubuhi na limepungua mchana, kilo kadhaa ambazo hazikuwa juu ya tairi za nyuma tena. Na katika zoezi lenyewe, tofauti na jaribio la klachi, gari lilikuwa kwenye gia, injini ikiongeza breki yake kwenye magurudumu yale yale yaliyokwisha kuzidiwa. Kwa hiyo mpaka halisi ulikuwa chini kidogo ya 0.8.

Mtu anaweza kuuliza inakuwaje gari lenye tabia hiyo liwe halali. Kanuni namba 13-H ya Umoja wa Mataifa, inayohusu breki za magari madogo ya viwandani, inataka kwa magari yasiyo na ABS ekseli ya nyuma isitangulie kuishiwa mshiko kati ya g 0.15 na 0.8. Linganisha na namba yetu. Hata kwa kipimo hicho gari hili lingekuwa mpakani, na juu ya 0.8, ambako gari jepesi lenye tairi nzuri hufika bila taabu, kanuni inanyamaza. Lakini kwa kisa hiki swali la uhalali ni la pembeni. Kibali kilitolewa gari likiwa na drami, na drami zile zilikuwa dhaifu, na udhaifu wao ulikuwa ukimlinda mwenye gari. Alipoondoa udhaifu aliondoa na ulinzi. Ndiyo maana siwezi kuikubali lugha ya wanaoita kila badiliko la namna hii "kuboresha". Diski nyuma ni bora kwa kupoa na kwa kurekebishwa. Kwa gari zima inategemea zinachukua mgawo gani, na swali hilo halikuwamo kwenye sanduku la vipuri.

Kiini cha kosa la siku ile, naona, kilikuwa desturi iliyotoka kwenye magari ya kiwandani. Huko mwalimu ana haki ya kuanza na dereva, kwa kuwa kiwanda kimekwisha kujaribu breki gari likiwa tupu na likiwa limejaa, kwenye lami kavu na iliyolowa, na leo kompyuta hugawa breki upya kila mara uzito unapohama. Gari la kujiundia halijapita huko. Kiwanda chake ni mtu mmoja kwenye banda, na mtu huyo ndiye anayeendesha. Likizunguka, watuhumiwa ni wawili katika mwili mmoja, na ni rahisi sana kumkamata aliye mbele ya usukani na kumwacha aliyeshika spana. Mwenyewe naye hasaidii: mwamba ngoma huvutia kwake, na mtu aliyeunda gari kwa mikono yake ni mwepesi kukubali kwamba alishtuka kuliko kukubali kwamba alikosea kalipa.

Walimu hawakukosea katika kufundisha. Walichofundisha kuhusu kulegeza mguu kilikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa mpangilio wa siku. Zoezi la kwanza lilikuwa la kukwepa, lenye breki na usukani pamoja, kwa hiyo kila matokeo yalikuwa na sababu mbili zilizochanganyika. Klabu sasa inaanza na breki za mstari ulionyooka, chaki kwenye tairi, dereva peke yake, na inarudia lami ikibadilika hali. Pia pale mlangoni limeongezwa swali: umebadilisha nini tangu ukaguzi? Ukaguzi wa nati za magurudumu ni muhimu, sina ugomvi nao, ila haujawahi kumgundua mtu aliyefunga kipuri kizuri mahali pasipo pake.

Lilibaki suala la kulitibu gari. Njia zilizojadiliwa zilikuwa tatu. Unaweza kuweka vali ya kupunguza shinikizo kwenye paipu ya nyuma. Unaweza kutumia silinda kuu mbili zenye mtaimbo wa kugawa nguvu kati yake, ambao hurekebishwa kwa skrubu. Uingereza wakaguzi hudai skrubu hiyo ifungwe isiguswe tena, na nawaunga mkono, kwa sababu kitufe cha mgawo wa breki mkononi mwa dereva ni mwaliko wa kurudi tulikotoka. Au unabadilisha kalipa za nyuma. Alichagua kalipa zenye pistoni ya milimita 34. Milimita 4 zinaonekana kidogo, lakini eneo linashuka hadi sentimita za mraba 9.1, nyuma inapata asilimia 33.4 ya kazi, na mpaka unapanda hadi karibu g 1.09 dereva akiwa peke yake.

Tiba hiyo ina bei yake. Mbele sasa hukaba mapema zaidi. Kwa hesabu, kutoka kilomita 80 kwa saa hadi kusimama bila gurudumu kukaba, gari linahitaji kama mita 30 kwenye lami kavu badala ya 29, na kwenye lami iliyolowa kama mita 62 badala ya 56. Ile mita moja ya kwenye ukavu hakuna atakayeililia. Mita zile za kwenye mvua si utani, na mwenye gari aliambiwa wazi kwamba amezinunua kwa kubadilishana na mkia uliotulia. Kwa gari lisilo na ABS ningelipa bei hiyo pasipo kusita: linaloteleza likitazama mbele huachia dereva nafasi ya kulegeza mguu na kupinda, na hilo ndilo alilokuwa amefundishwa asubuhi.

Alirudi kwenye lami kavu peke yake, bila mwalimu wala mchanga, akafanya zoezi lile lile. Mara ya kwanza mbele kulikaba, akazoa koni. Mara ya pili akalegeza na kupita. Anafikiria kununua tairi laini zaidi. Zikimpa mshiko wa g 1.1, atakuwa amevuka tena mpaka wa breki zake, na hesabu itabidi ianze upya kabla hajazifunga.